Morris ya marehemu baba: mdogo wangu ataka spoti rimu, fundi ataka pointi

BARUA

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mwanamume wa miaka 47, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina mke na watoto wanne. Huwa nasoma barua za wenzangu za ndoa na madeni nikijisemea kwamba mimi sina la kuandika. Leo ninalo, na nakuomba usinicheke, maana ni la gari.

Marehemu baba alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1968 meneja wake, Mwingereza, alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alimuuzia Morris Minor 1000 ya kijivu, ya mwaka 1965, kwa malipo ya kidogo kidogo. Sisi watoto wote wanne tumeletwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya gari hilo. Alfajiri baba akifungua swichi, kabla hajawasha, ilikuwa ikisikika tik-tik-tik kutoka mbele, halafu kimya. Tukiwa na haraka ya shule alikuwa akituambia, "Ngojeni, linamaliza tasbihi." Likinyamaza ndipo anawasha.

Baba amefariki miaka 3 iliyopita. Nyumba anaishi Mama. Minazi tuligawana kisheria, mimi, mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam, na dada zetu wawili. Gari halikugawanywa. Lilibaki uani kwangu chini ya turubai kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilishughulikia, na kadi yake mpaka leo ina jina la marehemu.

Sasa gari linazima. Asubuhi linawaka bila shida, lakini mchana wa kaskazi, likishatembea kama nusu saa, linaanza kumisi, kisha linakata kabisa. Nikingoja robo saa linawaka tena kama halikufanya kitu. Mara ya mwisho lilinizimia Sahare, Mama akiwa ndani. Vijana wa bodaboda walitusukuma huku wakiuliza kama tunaliuza kwa kilo.

Fundi wetu ni yule yule wa baba tangu miaka ya 70. Sasa ana zaidi ya miaka 75. Anafungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, anasugua kwa msasa pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ili plagi zipate moto, anapima mwanya wake kwa kipande cha pakiti ya sigara, na gari linakwenda vizuri wiki mbili. Kisha yale yale. Mikono yake siku hizi inatetemeka, na ile skrubu ndogo ya pointi anamwita mwanangu wa kiume aikaze.

Mdogo wangu anasema huu ni upuuzi. Anataka kuagiza Uingereza mfumo wa kielektroniki, pointi zitupwe, tufunge na spoti rimu, halafu gari likodishwe kwa maharusi lijilipe lenyewe. Yuko tayari kutoa shilingi milioni 3. Alipokuja Idd iliyopita aliazima kwa rafiki yake rimu nne za Toyota IST, akasema, "Hizi zina matundu manne, na Morris ina bolti nne, shida iko wapi?" Fundi mmoja kijana akazifunga, ingawa ilibidi azilazimishe kidogo na nati zilikuwa hazikai sawa. Gari lilipendeza, sikatai. Tukatoka nalo njia ya Pangani. Likifika kilomita 60 kwa saa usukani unatetemeka mkononi kama samaki aliyetoka majini. Yule kijana akasema ni balansi. Jioni nilipokagua nikakuta nati mbili za gurudumu la mbele kushoto zimelegea. Nikazivua zote nne, nikarudisha rimu za zamani ambazo zimekula kutu kwa hewa hii ya chumvi. Mdogo wangu akakasirika. Akasema tangu utotoni kila analoleta yeye mimi nalitupa. Akarudi Dar bila kuaga vizuri, na tangu hapo tunaongea kwa meseji tu.

Mama hakusema neno. Lakini siku ile ya spoti rimu vile vifuniko vya bati vya katikati ya magurudumu, vyenye herufi M, vilikuwa chini kwenye mchanga. Alivikusanya vyote vinne, akavifuta kwa kanga yake, akaenda kuviweka chini ya kitanda. Mpaka leo hajavitoa, na mimi sijathubutu kuviomba.

Linaloniharakisha ni harusi. Binti yangu mkubwa anaolewa Muheza miezi mitano ijayo, na babu yake alimwahidi kwamba siku hiyo atatoka nyumbani ndani ya Morris. Mke wangu anasema nikodi Noah mambo yaishe, mali ya maiti isile fedha za walio hai.

Bibi, nifunge huo mfumo wa kielektroniki au nibaki na pointi? Spoti rimu nikubali au nikatae? Nikimkatalia mdogo wangu nitakuwa nimempoteza. Nikimkubalia, fundi mzee ataona nimemzika angali hai, na mimi mwenyewe sijui kama nitaweza kukaa kwenye gari lile nikalitambua.

Mrithi wa Morris,
Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nicheke nini, na mimi marehemu mume wangu alikuwa na Ford Anglia? Niliisukuma nikiwa na mimba ya miezi sita, yeye kakaa kwenye usukani akinielekeza. Kwa hiyo nawajua wanaume na magari yao ya Kiingereza. Hata hivyo ya ufundi sikutaka kuyajibu kwa kubahatisha. Barua yako nimemsomea mzee mmoja aliyefungua injini za aina hii zaidi ya miaka 30. Alipofika kwenye habari ya rimu za IST alivua miwani akaomba nirudie.

Nianze na hapo basi, maana harusi inaweza kungoja, gurudumu haliwezi. Bolti nne za Morris zimepangwa kwenye duara la inchi 4, yaani milimita 101.6. Matundu ya rimu za IST, kama Toyota nyingi ndogo tunazoziona barabarani, yamepangwa kwenye duara la milimita 100. Tofauti ni milimita 1.6, jicho halioni, na ndiyo maana rimu inakubali kuingia ukiilazimisha. Lakini kila bolti inavutwa upande kidogo, nati inakaa kimshazari, unaikaza mpaka mishipa ya shingo inatoka ukidhani imekaza, kumbe imeshika ukingo tu. Ukitembea inajilegeza. Balansi haihusiki. Umeziona nati mbili zimelegea, umevua, umefanya jambo la mtu mwenye akili, na kama mdogo wako aliona umemdharau, aliona vibaya. Nitarudi kwake. Kwanza, kabla gari halijatoka tena uani, mpe fundi azikague zile bolti kumi na sita. Zilizovutwa zinaweza kuwa zimepinda au nyuzi zimeliwa, na nyuzi zake ni za inchi, kwa hiyo usikubali kuletewa za milimita "zinazofanana".

Sasa barua yako. Unauliza pointi au kielektroniki, kana kwamba imeshajulikana kuwa gari linazima kwa ajili ya pointi. Nani aliyethibitisha? Gari linalokata likipata moto na kuwaka likipoa linaweza kuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Koili, ile inayozidisha nguvu ya umeme wa plagi, ikichoka hufanya hivyo hivyo. Kondensa nayo hufanya hivyo hivyo. Hilo kwamba pointi zikisuguliwa zinadumu wiki mbili tu lilimfanya mzee wangu aitaje kondensa kwanza, kwa sababu ikifa, cheche inaruka pale zinapoachana na kuziunguza haraka. Ni kifaa cha ukubwa wa kidole, bei ndogo. Shida yake ni kwamba nyingi zinazouzwa siku hizi ni dhaifu kuliko ile ya zamani unayoitupa, kwa hiyo ukifunga mpya na hali ikabaki ile ile usiapize kwamba kondensa haina kosa.

Halafu iko ile tasbihi.

Mwanangu, umeandika mwenyewe bila kujua kwamba umeniandikia jambo kubwa. Ule mlio wa tik-tik-tik ni pampu ya mafuta. Kwenye Morris Minor pampu ni ya umeme, nayo ina pointi zake ndogo ndani, tofauti kabisa na zile za distributa. Ukifungua swichi inapiga mpaka kabureta ijae, ikijaa inanyamaza, kama alivyokuwa akiwaambia baba yenu. Je, gari likizima Sahare, umewahi kufungua swichi ukatulia kusikiliza? Ikiwa pampu haipigi hata mara moja, na mafuta kwenye kabureta yamekwisha, basi imekwama yenyewe, na mafundi wa zamani walikuwa wakiigonga kidogo kwa mpini wa spana inaamka. Ikiwa inapiga mbio bila kunyamaza, mafuta hayafiki, au yamechemka kwenye bomba kwa lile joto letu la mchana. Ikiwa inapiga mara mbili tatu na kutulia, mafuta yapo, ndipo mwanao atoe plagi moja, aichomeke kwenye waya wake, ailaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, wewe upige stata, aangalie cheche. Cheche ya buluu inayoruka kwa nguvu ni nzuri. Ya njano iliyonyong'onyea, au hakuna kabisa, ndiyo inakurudisha kwenye koili, kondensa na pointi.

Ninayasema yote haya kwa sababu unaweza kutumia fedha za mdogo wako kuagiza mfumo wa kisasa, ukaufunga kwa bismillahi, na mchana wa kwanza wa jua likakuzimia pale pale kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye pampu. Hapo utapata maneno mangapi, na kutoka kwa nani?

Tuseme sasa mmehakikisha ni moto wa plagi. Pointi, zikiwa nzuri na mwanya wake umepimwa sawa, karibu milimita 0.4, ndizo zilizoliendesha gari hilo tangu kiwandani. Zina sifa moja ambayo sisi wa mikoani tunaijua thamani yake. Zinachoka taratibu zikikuonya, na zikikushinda njiani unazisafisha kwa msasa ukafika. Lakini zinadai mkono na jicho, na hapo mdogo wako ana hoja ambayo nadhani umeipita haraka. Yeye anaona upuuzi, sawa, lakini wewe mwenyewe umesema mikono ya fundi inatetemeka. Fundi huyo akishindwa kabisa, nani atazipima? Kipande cha pakiti ya sigara ni kipimo cha mtu anayejua anachokihisi kwenye vidole. Kwa mwingine ni karatasi tu.

Ule wa kielektroniki unakaa chini ya kifuniko kile kile cha distributa. Kipete chenye sumaku kinavishwa kwenye mhimili, na kidude kidogo kinahisi sumaku zikipita, kinakata umeme wa koili badala ya pointi. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna cha kusugua. Moto unakuja kwa wakati ule ule mwezi hadi mwezi. Hilo ni zuri, sitaki kukuficha. Lakini muulizeni muuzaji mambo mawili kabla ya kutuma fedha. Morris hizi zilitoka kiwandani waya wa chanya wa betri ukiwa ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Mfumo wa kielektroniki unatengenezwa kwa upande mmoja au mwingine, na ukiufunga kinyume unaungua mara moja, harufu tu ndiyo inabaki. Angalieni gari lenu kwanza, maana kwa miaka hii yote huenda kuna fundi aliyegeuza. La pili ni koili, lazima ukinzani wake ulingane na mfumo huo. Na yule atakayeendesha akumbuke kutoacha swichi wazi injini ikiwa imezima, watoto wakisikiliza redio, kwani hapo ndipo vifaa hivi hufa. Vikifa havitoi onyo, na hakuna msasa wa kuviamsha.

Kuna kitu kinachopunguza ugumu wa uamuzi wako, nacho ni kwamba jambo hili linarudishika. Ile sahani ya pointi na kondensa ukiitoa, ukaifunga kwenye kopo ukaiweka nyuma ya gari, fundi anairudisha kwa dakika chache hata kando ya barabara ya Pongwe. Mdogo wako alisema "zitupwe". Ni neno moja tu, lakini huenda ndilo lililokuuma kuliko mfumo wenyewe. Mngeweza kuzungumza juu ya neno hilo peke yake.

Njia zote mbili zinapita kwenye mhimili mmoja. Mwambie fundi mzee ashike rota, kile kinachozunguka juu ya mhimili wa distributa, aitikise upande kwa upande. Ikicheza, bushi zimelika, pointi hazitakaa kwenye kipimo hata zipimwe na malaika, na huo mfumo mpya nao utafanya kazi yake juu ya mhimili mlevi.

Rimu ni habari nyingine. Spoti rimu si haramu kwenye Morris. Zipo za aloi zinazotengenezwa huko Uingereza kwa duara la inchi 4, zenye kukaa sawasawa, ingawa zinahitaji nati zake na mara nyingi bolti ndefu zaidi. Mdogo wako akitaka kuleta hizo, anazungumza jambo la maana, na ungemwambia hivyo: wazo halikuwa baya, rimu ndizo zilikuwa za gari jingine. Ila vile vifuniko vya M havikai kwenye rimu hizo. Pia tairi pana kupita kiasi litaufanya usukani uwe mzito, nao hauna msaada wa pampu kama wa Noah. Wenye Morris wengi hawapendi kuvuka tairi za 155, yaani upana wa milimita 155.

Au unaweza kuzipiga mchanga hizo za chuma, kutu itoke yote, zikaguliwe nyufa hasa kuzunguka matundu, zipakwe rangi. Ukikuta chuma kimeliwa mpaka kimekuwa chembamba, hapo huruma ya kumbukumbu isikudanganye, rimu hiyo imekufa. Ikiwa kutu ni ya juu juu, utapata magurudumu mazuri kwa fedha chache, na pale katikati patakuwa na nafasi ya kitu kilichoko chini ya kitanda cha Mama.

Lakini mwanangu, nyote mnabishana juu ya kuliwasha gari na kulipamba, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno breki. Kutoka Ngamiani mpaka Muheza mtakuwa barabara kuu, mna malori mbele na mabasi nyuma yanayotoka stendi ya Kange, na Morris yenu ina breki za ngoma magurudumu yote manne. Silinda za mafuta za kwenye magurudumu zikikaa muda mrefu chini ya turubai zinashika kutu na kuvuja. Na kile kiungo cha chini cha mguu wa mbele, penye nipo ya grisi, wenye Morris wote duniani wanakiogopa. Kikikosa grisi nyuzi zake zinalika kimya kimya, siku moja kinachomoka na gurudumu linalala ubavu chini ya gari. Ningekuwa na milioni 3 mkononi, swali langu la kwanza lingekuwa ngapi ziende huko. Lakini fedha si zangu.

Si zako pia, na hapa naomba univumilie.

Umejiita Mrithi wa Morris. Kwa maneno yako mwenyewe warithi ni zaidi ya mmoja. Gari halikugawanywa, lina jina la marehemu, liko uani kwako. Umelitunza, na hilo lina uzito wake, nani angebisha? Lakini jiweke kwenye nafasi ya kijana aliyeko Dar. Kila akija anakuta gari la baba yake liko kwa kaka, ufunguo kwa kaka, na fundi anamtii kaka. Pengine rimu zilikuwa njia yake ya kuweka mkono kwenye kitu cha baba. Sisemi hivyo kwa yakini, simjui. Nawe waweza kuniambia, "Bibi, yeye anataka biashara tu." Huenda. Basi hata biashara, mapato yake ni ya nani? Dada zako nimewaona kwenye mstari mmoja tu wa barua yako, kwenye minazi. Gari likianza kuingiza fedha za harusi bila wao kuulizwa, mtapata ugomvi ambao hakuna rimu itakayouziba.

Unaweza kumtafuta msimamizi wenu wa mirathi, mkakaa wote wanne pamoja na Mama, mkalimaliza: limegawanywa, limenunuliwa na mmoja wenu, au limebaki la familia kwa masharti mnayoyajua. Hatari ya njia hii ni kwamba unaweza kukuta wengi wanataka liuzwe, na wewe umeliweka uani miaka 3 ukiamini hakuna atakayeligusa. Unaweza kuliacha kama lilivyo mpaka harusi ipite, kwa amani ya siku hiyo. Hatari yake unaijua, unaiishi kwa meseji. Au unaweza kuanza kidogo tu, umpigie mdogo wako simu, ya sauti, umsimulie ile habari ya milimita 1.6. Umwambie kwamba ulivua kwa sababu nati zililegea na wewe ukaogopa, yeye alikuwa amekaa upande ule ule wa kushoto. Kwenye barua yako sijaona mahali ulipomwambia hivyo. Nimeona tu kwamba ulivua.

Kuhusu fundi mzee, unasema utamzika angali hai. Inawezekana ataumia kweli. Inawezekana pia amechoka kuitwa kila wiki mbili kuinamia boneti kwa jicho lisiloona, na hana pa kulisemea. Hujamuuliza. Mtu aliyelijua gari miaka zaidi ya 40 anaweza kuitwa kusimamia kazi, mwanao akishika spana, yeye akikaa kwenye kigoda na kahawa yake, akisema "geuza, rudi kidogo, hapo hapo." Kuweka taiming, yaani plagi zipate moto kwa wakati wake, bado kutahitaji sikio lake, mfumo uwe wowote. Ila usimwite kwa huruma, wazee tunainusa.

Mkeo naye nisimpite. Noah ni gari zima, linafika. Alichosema kuhusu mali ya maiti kinauma, lakini yeye ndiye anayehesabu kilo za mchele na nyama ya karamu. Muoneshe kwenye karatasi kila senti inakotoka kabla hujamwambia habari ya tasbihi na ahadi ya babu. Na hata mkifika siku hiyo na Morris inayonguruma vizuri, sioni aibu yoyote Noah ikifuata nyuma.

Niandikie ukishasikiliza pampu, na ukishaongea na mdogo wako. Halafu kuna mtu mmoja ambaye nimemtafuta kwenye barua yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Umeniandikia anayotaka mdogo wako, fundi, Mama, mkeo, na hata marehemu. Huyo bibi harusi, atakayekaa kiti cha nyuma na shela lake, hina haijakauka, madirisha wazi, mchana wa kaskazi, kuna aliyemuuliza?